Goti la Kushoto na Gari la Baba

Machi 5, Jumatatu

Dada yangu mpenzi, assalamu alaikum warahmatullah. U hali gani? Presha imetulia? Na ile miwani mpya umeizoea, au bado unaiweka juu ya kichwa kisha unaitafuta nyumba nzima? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, mwanangu, ambaye ni mwanao pia, naye vilevile. Mimi pia ni mzima, alhamdulillahi, kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Kuanzia hapo kwenda chini, upande wa kushoto, kuna maneno.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Unauliza, "Gari la baba linaendeleaje?" Mimi nasema, "Linaendelea," halafu tunahamia kwenye habari za mvua. Lakini baba alituachia gari lile sote wawili, wewe na mimi, na sasa kuna jambo siwezi kuliamua peke yangu. Leo sikuulizi, maana leo nimekasirika, na mtu aliyekasirika huuliza swali huku jibu lake amelishika mkononi. Nitakuandikia kidogo kidogo msimu huu wote wa mvua, uone mwenyewe mambo yalivyokwenda, kisha nitakutumia kurasa zote kwa pamoja.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari wa mifupa amelikunja goti langu, akalikunjua, nalo likalia kama bawaba kavu. Akauliza, "Unafanya kazi gani?"

"Dereva."

"Gari la gia ya mkono?"

"Hakuna gari jingine, daktari."

"Yapo. Tafuta la oto. Hapo katikati ya mifupa pameisha, mzee wangu. Kila ukikanyaga klachi, mfupa unasaga mfupa."

Alisema hivyo huku anaandika, kama mtu anayekwambia upunguze chumvi. Nikatoka nachechemea mpaka kwenye gari, nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaondoka. Machozi yalinitoka njiani na sijui yalikuwa ya goti au ya nini.

Machi 6

Mvua ya kwanza imenyesha. Kijani wetu, gari la baba, amewaka mara moja tu, bila kukohoa. Na wanasema gari la zamani.

Machi 8

Umeondoka siku nyingi, kwa hiyo nikueleze kazi yangu ya sasa. Asubuhi nawapeleka watu watatu kwenye hospitali ya juu kule mlimani, jioni nawarudisha. Mbele anakaa Mfamasia, kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi hata chini ya kwapa. Nyuma anakaa Matroni, ambaye hulala safari nzima lakini hakuna asilolisikia, na pembeni yake Mpishi wa wodi, mwanamke wa maneno mengi na vicheko. Mchana nafanya safari za hapa na pale.

Leo nimefanya kosa la kuwaambia alichosema daktari.

"Sasa shida iko wapi?" akauliza Mfamasia. "Oto ni rahisi. Unatia kwenye D, unakanyaga mafuta, unakwenda. Kwenye foleni unapumzika."

Nikamwambia, "Kijana, gari likijichagulia gia lenyewe, wewe unabaki nani? Abiria mwenye usukani."

Mpishi akacheka mpaka akajipiga paja. "Mwache, Mfamasia! Huyu bila kushika kile kirungu cha gia mkono utamwasha."

"Sikatai raha yake," akasema Mfamasia. "Nasema kwa kazi ya kila siku. Kuanzia nyumbani kwangu mpaka hospitali, nimemwona anakanyaga klachi kila hatua. Mguu wa mtu si chuma."

Matroni, macho amefumba, akasema, "Na chuma chenyewe huisha."

Nikawasha redio.

Machi 9, Ijumaa

Msikitini nimesali kwa kusimama na kuinama kama kawaida. Kwenye sijida ya pili nimeshindwa kunyanyuka, mpaka mtu wa kando amenishika kwapa. Baada ya swala imamu wetu, ambaye nilikuwa namnunulia pipi alipokuwa mdogo, ameniletea kiti cha plastiki mbele za watu. Nikamwambia kiti hicho ampe mgonjwa. Akasema, "Nimempa." Nimerudi nyumbani nimenuna, wala chakula hakikupita.

Machi 11

Nimekwenda gereji kwa Spana. Unamkumbuka, yule rafiki yangu mwenye sikio moja lililokunjamana, anayetengeneza giaboksi tangu tulipokuwa vijana. Nilitaka mtu wa kuniunga mkono.

Alikuwa chini ya gari, nikaona viatu tu. Nikauliza viatu, "Gia ya mkono na oto, ipi bora?"

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani? Kuna mtu wa foleni, mtu wa kona, mtu wa tope." Akatoka, amejaa grisi mpaka kwenye kope. "Gia ya mkono ikiharibika naifungua hapahapa, naona kilichovunjika, nabadilisha, unakwenda. Oto ikifa kweli, wengi hawaifungui, wanaitoa nzima na kuweka nyingine. Lakini watu huziua wenyewe. Hawabadilishi haidroliki, mafuta ya giaboksi, au wanaweka mafuta yoyote waliyoyaona dukani, halafu wanasema oto ni mbovu. Ikitunzwa inadumu. Na hizi za siku hizi zinabadilisha gia haraka kuliko mkono wako na wangu."

"Kwa hiyo uko upande wao."

"Mimi niko chini ya magari, ndugu yangu. Upande sina."

Nilirudi bila nilichokifuata.

Machi 14

Mvua. Goti. Mvua.

Machi 18, Jumapili

Leo sina abiria, na mvua imekatika asubuhi. Nimemwambia wifi yako naenda kuongeza upepo kwenye matairi. Ni kweli niliongeza. Halafu nikapitiliza mpaka barabara ya zamani ya machimbo ya mawe, ile yenye kona zinazofuatana.

Dada, ngoja nikusimulie, maana ukilielewa hili utaelewa kwa nini silali. Unakuja kwenye kona na gia ya nne. Unaisikia injini, huitazami. Kabla ya kona unagusa breki, klachi chini, gia ya tatu, mafuta kidogo ili injini isishtuke, klachi juu taratibu, na gari linajishika lenyewe barabarani kama paka. Hujaambiwa na mtu, miguu na mkono na sikio vimekubaliana. Mimi sikusoma sana, kwenye mikutano sina la kusema, lakini katika kona zile ninakuwa mtu mwenye ufasaha.

Nilikwenda nikageuka nikarudi nikageuka tena. Niliposimama, goti lilikuwa limevimba kama mkate. Nilikaa kwenye gari nikawa siwezi kushuka. Nilimwomba Mungu aniondolee maumivu au aniondolee hamu, kimoja kati ya hivyo. Baadaye nikaona aibu kwa kumpangia Mola.

Machi 23

Mwanao amekuja na gari lake jipya. Si jipya, ila kwake ni jipya. Dogo, jeupe, oto. Unajua sasa ana duka la vitambaa, anabebea marobota humo. Kalizungusha uani kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, anaongea. Nikamwambia hilo ni gari la wavivu.

"Baba, mimi nafungua duka, nashusha mizigo, nahesabu, nafunga, narudi kupika. Uvivu nautoa wapi?"

"Hujui raha ya kuendesha."

"Sitafuti raha, natafuta kufika."

Wifi yako akasema, "Msipige kelele, chai inapoa." Lakini alikuwa anatazama mguu wangu, si chai.

Aprili 3

Imenyesha usiku kucha na mchana kutwa. Daktari amenidunga sindano kwenye goti na kutoa maji. Ameuliza kama nimeacha kuendesha. Nimemwambia nimepunguza.

Aprili 6

Kiti cha plastiki bado kipo msikitini, nyuma kabisa. Hakuna anayekikalia. Kila mtu anajua ni cha nani.

Aprili 8

Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani kumwangalia Kijani anavyonyeshewa. Wifi yako ameniambia, "Mume wangu, wewe siku hizi hata ukiwa umekaa unatembea."

Aprili 10, Jumanne

Bismillahi. Andiko la leo litakuwa refu, utaniwia radhi.

Unaujua mlima wa hospitali, pale barabara inapobana kando ya ukuta wa kiwanda cha mbao. Mvua ilikuwa inapiga, maji yanashuka barabarani mekundu. Mbele lori la mchanga likakwama. Sote nyuma yake tukasimama, gari nyuma ya gari, mlimani.

Unajua pia jinsi baba alivyokuwa akisimama mlimani. Hakuwa anavuta breki ya mkono. Alilishika gari kwa klachi na mafuta, nusu kwa nusu, likatulia palepale kama limetundikwa. Alikuwa akisema breki ya mkono ni ya wanafunzi. Nami nimefanya hivyo maisha yangu yote, na abiria wangu hunisifu, na mimi hupenda kusifiwa. Hata leo. Mfamasia aliniambia, "Dereva, vuta hendibreki upumzike, lori hili halitoki sasa hivi." Nikamwambia, "Tulia uone kazi."

Nikalishika. Lori likanguruma, likateleza, likanguruma. Nikaendelea kulishika. Goti likaanza kuchoma, kisha likaacha kuchoma, likawa kama si langu. Halafu likagoma. Sijui nisemeje. Mguu ulinyooka wenyewe, ukawa mti, ukaizamisha klachi mpaka chini, na gari likaachia.

Likaanza kurudi nyuma. Nami, dereva wa miaka yote hii, kwa maumivu na kuchanganyikiwa, badala ya kupeleka mguu wa kulia kwenye breki niliukandamiza palepale ulipokuwa, kwenye mafuta. Injini ikapiga ukelele na gari likazidi kurudi. Nilimsikia Mpishi akisema, "Yesu wangu!" na Matroni akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Breki, Kaka Dereva." Mfamasia aliishika breki ya mkono kwa mikono miwili akaivuta.

Tulisimama. Lakini kabla ya kusimama tulisikia kitu nyuma kikigonga bampa, kitu chepesi. Sitausahau wepesi wake.

Ilikuwa pikipiki. Baba mmoja alikuwa anampeleka binti yake shule. Baba aliruka pembeni, pikipiki ikalala, na binti akaangukia kwenye mtaro, maji yakamfika kiunoni. Nilishuka. Sijui nilishukaje. Nilipofika, mtoto alikuwa amesimama mwenyewe, mzima, hana hata mchubuko. Hakulia. Alikuwa ameinama anapapasa ndani ya yale maji mekundu, anatafuta kiatu chake. Alikuwa anakitafuta kwa utulivu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

Baba yake aliniambia, "Mzee, gari linarudi nyuma na wewe unaongeza mafuta? Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nilisema nisamehe, nisamehe. Alimtazama mwanawe, akamshika kichwa, mikono, mabega, kama anayehakiki. Kisha akaniambia, "Mshukuru Mungu wako." Akainyanyua pikipiki. Mtoto akapanda na kiatu kimoja.

Mfamasia alikaa kwenye usukani akatufikisha hospitali. Aliendesha vibaya, gia zikilia, naye akaniambia, "Samahani, sijazoea." Yeye ndiye aliyeniomba radhi, dada. Nilikaa kiti chake cha mbele. Nilijionea njia yangu kutoka upande ambao sijawahi kuuona.

Aprili 11

Sikwenda kazini. Nimemwambia wifi yako Kijani ana hitilafu.

Aprili 12

Nimemwambia hivyohivyo.

Aprili 13, Ijumaa

Leo Matroni amekuja nyumbani na machungwa. Nilifikiri amekuja kunisema. Amekaa na wifi yako, wakaulizana habari za watoto, ndipo akasema, "Na goti la shemeji tangu siku ile mlimani linaendeleaje?" Wifi yako akasema, "Siku ipi?"

Basi.

Alipoondoka mgeni, wifi yako hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alikuja akakaa karibu yangu. "Mimi nakusikia kila asubuhi," akasema. "Unawasha gari, kisha unatia gia, na unapotia gia unaguna. Unaguna mpaka ukifika kwenye kona ya mtaa, hapo sikusikii tena. Nimekuwa nasimama mlangoni kila siku nasubiri kona ile. Sikusema kwa sababu gari la baba yenu ni jambo lenu ninyi wawili. Lakini yule mtoto wa kwenye mtaro si jambo lenu ninyi wawili."

Nilikuwa najua ameolewa na mtu mkaidi. Sikujua kwamba ukaidi ule alikuwa anausikiliza kila siku akiwa amesimama.

Nimekwenda msikitini nikakaa kwenye kiti. Hakuna aliyenitazama. Nimesali vizuri kuliko siku nyingi, maana akili yangu haikuwa gotini.

Nilipotoka nimempigia simu mwanao nikamwambia nataka kulijaribu gari lake. Akasema, "La wavivu?"

Aprili 15, Jumapili

Somo la kwanza. Tumekwenda kwenye uwanja wazi nyuma ya maghala. Nilikaa kwenye usukani nikaona kitu cha ajabu: chini kuna makanyagio mawili tu, na lile la breki ni pana, limesogea mpaka upande ambao mguu wangu wa kushoto umeishi.

"Baba, mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ulale."

"Nimekuendeshea tangu tumboni mwa mama yako, unanifundisha mguu?"

"Haya."

Nikatia D. Gari likasogea lenyewe, polepole, hata mafuta sijagusa. Hilo nalo sikulipenda, kama mtu anayeanza kuondoka kabla hujamaliza salamu. Nikaongeza mwendo. Nikasikia injini inapanda, na sikio langu likaniambia badilisha gia. Na mguu wa kushoto, bila kuniuliza, ukaenda chini kwa nguvu zote kutafuta klachi.

Ikawa ni breki. Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Robota la vitambaa likatoka nyuma likaja kukaa katikati yetu. Mwanao aliutoa uso kwenye kanga za maua akasema, "Karibu dukani."

Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka goti likauma. Halafu nikarudia kosa lile tena. Na tena. Mwishowe mwanao alinivua kiatu cha kushoto akaniambia niuingize mguu nyuma, chini ya kiti. Peku, mguu ulijisikia umeonewa, lakini ulitulia.

Kabla hatujarudi akaniambia, bila utani, "Spana anasema madereva wote wa zamani hufanya hivyo siku ya kwanza. Anasema walio wabaya hawafanyi, maana mguu wao haukuwahi kujua kazi." Sijui kama Spana alisema kweli au mtoto alinihurumia. Sikuuliza.

Aprili 19

Mwanao ameniazima gari lake asubuhi mpaka saa ya kufungua duka. Nimewapeleka abiria wangu. Wote watatu wamekuja, na sikutarajia. Mpishi ameingia, akatazama huku na huku, akasema, "Dereva, hili lina harufu ya harusi." Ni vitambaa.

Pale ukutani kwa kiwanda cha mbao tulisimama tena kwenye foleni. Nikakanyaga breki. Nikaachia. Gari likabaki palepale kidogo, nikagusa mafuta, likapanda. Hakuna kazi ya kuonyesha wala cha kusifiwa. Mfamasia alitazama dirishani muda wote ili asinitazame, na nilimpenda kwa hilo.

Aprili 20

Nimekwenda kuwatafuta yule binti na baba yake kwa kuulizia kwenye kituo cha pikipiki. Wapo. Nimewapelekea viatu. Mtoto amevijaribu, vinambana. Nimevirudisha dukani, kesho naenda na vingine.

Aprili 22

Kushuka mlima na oto kumenitia hofu. Injini haikukamata, gari linateleza tu na mimi nashikilia breki mpaka zikanuka. Spana ameniambia niteremshe kile kirungu kutoka D mpaka 2, au L pakiwa pakali, injini italishika. Nimefanya, na limeshika. Basi ndani yake mna gia ya kuchagua, ila haijitangazi.

Aprili 29, Jumapili

Spana ameniambia nisihukumu oto kwa lile dogo la vitambaa. Alikuwa na oto ya mteja gereji, kubwa, yenye vijiti viwili nyuma ya usukani vya kubadilishia gia kwa kidole. Mteja alitaka ijaribiwe, tukaenda nayo machimboni, yeye akiendesha kisha mimi.

Nitasema haki, kwa kuwa ninakuandikia wewe. Lile gari lilinipita. Gia zilibadilika kabla sijamaliza kufikiri. Kama ni mashindano ya nani anafika, sisi wa klachi tuvue kofia. Lakini nilipomaliza zile kona nilikuwa kama mtu aliyesomewa barua nzuri na mtu mwingine. Nimeyasikia maneno yote, sikuiandika mimi.

"Unaona?" akasema Spana. "Kwa kazi, kwa foleni, kwa mlima, kwa mguu wako: oto. Kwa kucheza na barabara siku ambayo huna haraka na huna abiria: gia ya mkono. Haijawahi kuwa vinginevyo. Wewe ndiye ulikuwa unafanya kazi na kucheza kwa wakati mmoja, na roho za watu nyuma."

Nikatazama kona.

Mei 2

Kuna mteja wa Kijani, dada. Sasa tumefika kwenye lile jambo.

Ni mama mmoja mwenye shule ya udereva. Anataka gari la gia ya mkono kwa wanafunzi wake, maana anasema anayejifunza hilo hatatishika na lolote. Alimpanda Kijani akazunguka naye mtaa, na anajua kazi, mkono wake mwepesi. Mbele yangu alisema wazi, "Wanafunzi wangu wataliumiza. Watakosea gia, litalia. Sitakudanganya." Bila kuliuza hili siwezi kununua oto ya kufanyia kazi, na mwanao hawezi kuniazima lake milele. Nimemwambia gari lina wenyewe wawili. Akasema atasubiri mpaka mvua ziishe, hatasubiri zaidi.

Namwona Kijani akiwa na alama ya mwanafunzi kichwani, mtoto wa watu anamkwaruzia gia. Nazunguka uani. Nimepanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mei 4

Haijanyesha.

Mei 6, Jumapili

Haikunyesha tena, na jua limewaka. Leo asubuhi, dada, goti haliumi. Nimelikunja, nimelikunjua, kimya. Nimesali alfajiri nikasujudu mpaka chini na kunyanyuka peke yangu, kama zamani. Nilikaa pale kwenye mkeka nikaogopa. Unaweza kuamini? Siku zote za maumivu sikuogopa hivyo. Maana maumivu yalikuwa yameshaniamulia, na sasa yameondoka bila kuaga.

Nikamwita wifi yako, nikamwambia twende machimboni na Kijani, akae mbele. Alifunga mtandio akapanda.

Niliziendesha kona zote. Ya tatu, ya nne, ya tatu. Klachi chini, klachi juu, laini kama siagi. Sikuguna. Wifi yako aliweka mkono dirishani, mtandio unapepea, na kwenye ile kona ndefu kabisa alicheka, akasema, "Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unakifuata!" Nikasema ndicho. "Ni kitamu," akasema. Sijawahi kumpeleka, dada. Miaka yote nimekuwa nakwenda mwenyewe kuongeza upepo kwenye matairi.

Tukasimama juu kabisa. Nikajiambia: goti limepona. Niambie nani, katika hali ile, asingejiambia hivyo? Kesho nawachukua abiria wangu na Kijani, namwambia mwenye shule ya udereva atafute gari kwingine, msimu ujao tutaona. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia wifi yako. Halafu nikafikiria mlima, na maji mekundu, na siku ambayo sijui ni ipi. Goti halikunipa taarifa siku ile, na siku nyingine halitanipa.

Nilizima gari, nikachomoa ufunguo, nikauweka kwenye mkono wa wifi yako, nikavifunga vidole vyake. Akaniambia, "Sasa tutarudije nyumbani, mume wangu?" Tukacheka sana. Ikabidi aniazime ufunguo mpaka uani, kisha nikamrudishia.

Kwa hiyo naandika leo, leo hii kabla ya adhuhuri, mguu ukiwa mzima. Sikutaka kukuuliza siku ya maumivu, ukaja kusema ni maumivu yaliyoniandikia. Mimi nusu yangu ninasema tumuuze Kijani kwa yule mama wa shule. Nimesema nikiwa naweza bado kumwendesha. Nusu iliyobaki ni yako. Ukikataa sitanuna, tutatafuta njia nyingine, lakini mimi sitabeba tena mtoto wa mtu kwa klachi.

Kesho Mpishi ana likizo, anasafiri kuja huko kwenu, atakuletea kurasa hizi mkononi. Mkaribishe, ana maneno mengi lakini moyo wake mweupe. Msalimie shemeji na watoto wote.

Tafadhali, dada yangu, nijibu upesi.

Ndugu yako.